Stika ya Fundi wa Friji

Hili nawasimulia kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu. Mume wangu anajua nusu yake tu. Nusu iliyobaki anaijua baba yake, na hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Mnanijua, mimi ni mama wa vitenge, navuka mpaka hadi Nakonde nachukua mzigo, nauza Tunduma na siku nyingine Vwawa. Mafuta ya gari yalikuwa yananimaliza, ndipo nikanunua kile kigari cha umeme, mtumba, kwa wakala mmoja wa Mbeya, nikapewa na waranti ya mwaka mzima (karatasi nikaiweka ndani ya Biblia, jamani, isipotee). Tena nilikuwa nimemwahidi mama mkwe wangu kule Mbozi kwamba nitampeleka kliniki Mbeya kila mwezi, maana miguu yake haiwezi tena kupanda na kushuka mabasi. Baba mkwe alinishukuru mpaka nikaona haya.

Mwezi wa tano gari likagoma kuchaji. Nikawapigia wakala, wakasema foleni ni wiki tatu, na gharama ya kulileta kwa lori ni juu yangu. Wiki tatu, na mzigo umejaa sebuleni! Jirani akanielekeza kwa Fundi Sichone wa Chapwa, anatengeneza friji, redio na pasi, mtu mpole na kazi yake safi. Akalizunguka gari mara mbili, akasema, "Mama, umeme ni umeme." Akafungua kasha la kuchajia, lile lililoandikwa kabisa lisifunguliwe, akachomea waya, akafunga. Na likachaji! Nikamsifu mtaa mzima. Siku kumi na moja likachaji, ya kumi na mbili likatoa moshi na harufu kama nywele zinaungua, likafa.

Sasa sikilizeni. Kumpa fundi wa friji gari la umeme ni ujinga, na ujinga mtu anasamehewa. Kilichonimaliza mimi ni neno moja. Gari limefika Mbeya juu ya lori, dada wa mapokezi na fomu yake ananiuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Kuna fundi mwingine ameligusa?" Nikasema, "Hapana." Likatoka lenyewe, kama mtu anavyojibu "nzuri" akiulizwa habari.

Foleni ilikuwa imepungua, baada ya siku nne wakanipigia: kasha limeungua, skrubu zake zina alama, inaelekea lilifunguliwa, kwa hiyo waranti haihusiki, na kasha jipya ni bei ya pikipiki mbili. Hapo mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikapandisha sauti, na kwa bahati mbaya siku hiyo nilikuwa uani kwa wakwe zangu, wakasikia wote. Nilipokata simu nikawaambia naonewa kwa sababu ni mwanamke, na nikalia (machozi ya kweli kabisa, sijui yalitoka wapi).

Baba mkwe ni mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Nikimsalimia napiga magoti. Akasema, "Mama Tumaini, kesho nakwenda na wewe."

"Usijisumbue, Baba."

"Nakwenda."

Ningeweza kumwambia jioni ile. Ningeweza kumwambia asubuhi kituoni, au ndani ya basi, njia nzima hadi Mbeya. Nilimwambia tu kwamba leo kuna baridi.

Tulikuta wateja kama saba wamekaa. Mzee akasimama katikati, akavua kofia, akasema, "Huyu ni mke wa mwanangu. Miaka kumi na miwili yuko kwangu, sijamsikia akisema uongo. Nyinyi leo ndio mnataka kumfanya mwongo?" Akamgeukia dada wa mapokezi, "Na wewe binti, angekuwa mama yako ungemfanyia hivi?" Dada wa watu akainamisha kichwa. Mteja mmoja mnene akadakia, "Waambie, mzee, ndivyo walivyo hawa!" Na mimi nimesimama nyuma ya baba mkwe, nahesabu vigae vya sakafu.

Fundi wao, baba wa makamo mwenye miwani, akasema, "Mzee, hatutaki ugomvi. Tutalifungua mbele yenu." Akaleta kasha mezani, akatoa skrubu nne, akageuza mfuniko. Upande wa ndani, imebandikwa vizuri kabisa, kulikuwa na stika ya njano. Akasogeza miwani na kuisoma kwa sauti, bila ubaya wowote, kama mtu anavyosoma karatasi yoyote:

"Fundi Sichone, Chapwa. Friji, redio, pasi. Karibu tena."

Yule mnene ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata.

Baba mkwe hakucheka. Akamuuliza fundi, "Huyu Sichone ni mfanyakazi wenu?"

"Hapana, mzee."

Akanigeukia, taratibu. "Mama Tumaini, unamfahamu?"

"Namfahamu, Baba."

Akavaa kofia yake, kisha akaivua tena. Akamwomba fundi msamaha. Akamfuata dada wa mapokezi mezani kwake, akamwambia, "Binti, nimekutolea maneno mbele za watu. Nisamehe, sikujua." Afadhali angenipiga makofi.

Tukapanda basi la kurudi. Mbalizi akanunua ndizi dirishani, akanipa mbili, nikazishika hadi Vwawa bila kumenya. Aliposhuka pale, nami nikashuka kumuaga, ndipo akasema, "Ungeniambia, ningekwenda kukuombea. Kuomba najua. Wewe umenipeleka kugomba." Akaondoka na fimbo yake.

Kasha nimelilipia, vitenge vya msimu mzima vimeishia humo. Mama mkwe alikwenda kliniki kwa basi mara mbili, ameshikwa mikono huku na huku, na kila mara alinipigia kunipa pole kwa kuonewa na wale watu wa Mbeya, maana mzee hakumwambia mtu. Hilo ndilo linalonichosha zaidi. Nimeapa: nikiharibu kitu, nitasema siku hiyohiyo, bora nichekwe peke yangu, kuliko kumpandisha mzee wa watu basi la asubuhi aende kunitetea kwa nisilostahili. Na Jumapili hii, mkiniombea, nitamwambia mama mkwe ukweli.