Kaseti ya listening na betri za kuanika juani: nilivyoikosa Uingereza

Wakuu, habari za jioni. Haya yalinipata mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Madukani Dodoma kila kitu kilikuwa kimerudi, isipokuwa uwezo wa mwalimu kununua. Nilifundisha sekondari, nina digrii moja na majivuno ya digrii tatu.

Nikapata nafasi ya kwenda Uingereza kusoma shahada ya pili. Kilichobaki ni kufaulu mtihani wa Kiingereza.

Kusoma na kuandika sikuwa na wasiwasi. Shughuli ilikuwa listening, yaani kusikiliza. Mwalimu mwenzangu, aliyekuwa wa pili nyuma yangu kwenye nafasi ileile, akanirekodia kaseti ya mazoezi. Roho nzuri kabisa.

Niliishi Nzuguni, enzi hizo umeme uko mjini tu. Nikawa natumia redio kaseti ya betri.

Betri zikichoka hatukununua nyingine. Tulizianika juu ya bati, zinapata nguvu kidogo, maisha yanaendelea. Kaseti nairudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu, kubana matumizi.

Vijana mtacheka. Chekeni tu.

Jioni moja mke wangu anachambua mlenda, akaniuliza:

"Baba Neema, huyu mzungu anaumwa?"

"Kwa nini?"

"Anavuta maneno kama katoka kilabuni."

Nikamjibu kwa sauti ya darasani: "Hicho ndicho Kiingereza cha wasomi. Hawana haraka."

"Haya mwalimu. Mpe pole yake."

Mimi nilielewa kila neno. Nikajiona nimeiva.

Siku ya mtihani, mashine imechomekwa kwenye umeme. Msimamizi akabonyeza. Wakuu, ikatoka sauti nyembamba, inakimbia kama ya mtu anayewahi treni. Nikageuka kuwatazama wenzangu tushangae pamoja. Wote wameinama, wanaandika.

Nikanyoosha mkono, nikasema mashine mbovu, inakimbia.

"Mwalimu, hiyo ndiyo speed yake."

Wakati ananijibu, swali lingine likapita.

Palepale nikaelewa. Yule mzungu wangu mpole wa Nzuguni hakuwa msomi. Zilikuwa betri. Muda wote ule nilikuwa najifunza kusikiliza betri zikikata roho.

Matokeo: kusoma juu, kuandika juu, listening chini ya kiwango. Nafasi ikaenda kwa yule mwenzangu wa kaseti. Yeye alikaa nyumba za serikali, zenye umeme.

Mke wangu alizitoa betri kwenye bati, akazitupa chooni.

Mwenzangu aliunganisha na shahada ya tatu hukohuko, akarudi Dokta. Leo ana ofisi kubwa Mtumba, kwenye mji wa serikali. Tukikutana ananimwagia Kiingereza cha kasi, halafu ananipigapiga begani. Sasa namwelewa vizuri sana. Hakunikosea chochote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kilichonifanya niandike ni Neema. Anajiandaa na mtihani kama ule, na juzi sebuleni nikasikia kwenye simu yake sauti nzito, ya taratibu. Naijua sauti hiyo.

"Nimeipunguza speed, baba, ili nielewe."

"Irudishe."

"Sitaelewa."

"Bora usielewe hapa hapa nyumbani."

Funzo langu ndilo hilo: fanyeni mazoezi kwa kasi ya wenye mtihani, siyo kwa kasi inayowafurahisha.

Waliokwama kwenye listening karibuni mseme yenu. Waliofaulu pia karibuni, ila ongeeni taratibu.