Saa Nzuri na Nusu Dakika Yake

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikikaa kimya tu inakuja yenyewe. Nilikuwa nesi kijana katika zahanati moja upande wa Mabamba, sijamaliza hata mwaka tangu nitoke chuoni, na mkononi nilikuwa na saa iliyonifanya nikunje mkono wa sweta hata asubuhi ya baridi. Na baridi ya kwetu huku juu unaijua. Siku hiyo nilimwambia mama mmoja amchukue mtoto wake aende nyumbani, mtoto hana neno. Kumbe mtoto alikuwa na neno kubwa.

Nitakusimulia, ila usinikimbize. Ninyi wa siku hizi mnataka mtu afike mwisho kabla hajaanza.

Kilichonikumbusha ni simu ya mjukuu wangu Adela. Amepata nafasi chuo cha uuguzi, na juzi alinijia hapa uani Kasulu nikiwa nachambua maharage, akanionyesha picha za saa. Saa za zamani, zile za kujaza kwa vidole, ambazo zilipokuja za betri sisi tulizificha kwenye masanduku kwa aibu. Sasa ndizo zenye heshima. Kuna kijana yuko Dar es Salaam anazikusanya, anazifanyia ukarabati na kuziuza mtandaoni kwa bei ambayo hata mwanafunzi anaimudu. Ukishalipa, anakutumia kwa basi.

"Bibi, nichukue ya mkanda mweusi au wa kahawia?" Hilo ndilo swali pekee alilokuwa nalo. Nikauweka ungo chini, maana nilijiona mimi mwenyewe.

Yangu niliinunua gulioni Kibondo, kwa fundi aliyekuwa anatandika turubai na kupanga saa zake juu ya kitambaa cheupe. Naye alikuwa anazifufua za zamani. Niliyoichagua ilikuwa ndogo, ya rangi ya dhahabu, na uso wake mweupe kama maziwa. Yule fundi hakunidanganya hata kidogo, nisimsingizie. Aliniambia, "Dada, uso ni mpya, kioo ni kipya, mishale nimeitoa kwenye saa nyingine. Ukiona wowote unalegea, uniletee niukaze, sitaki kitu." Mimi katika maneno yote hayo nilisikia mpya, mpya. Mengine niliyaacha palepale gulioni.

Siku ya tatu niliuona ule mshale mwembamba, wa sekunde. Ulikuwa unapanda vizuri kutoka chini hadi juu, lakini ukishafika juu kabisa haushuki kwa mwendo wake. Unaporomoka, kama mtu aliyekanyaga tope kwenye mteremko, ndipo unajishika na kuendelea. Nilijua ni kasoro. Ningeweza kuirudisha gulio lililofuata. Lakini kufikia hapo saa ilikuwa imeshasifiwa na mwenye duka, na waimba kwaya, na hata wanawake waliokuja kliniki walikuwa wanaushika mkono wangu kuitazama. Nitaanzaje kusema ni mbovu? Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi mkakasi wangu niliujua hadi ndani, na bado nikaendelea kuuvaa.

Basi siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Yule mama alikuwa ametoka mashambani karibu na mpaka, mtoto wa miezi minane mgongoni, anakohoa. Chuoni tulifundishwa kwamba pumzi za mtoto zinahesabiwa dakika nzima, ukimtazama kifua, hakuna njia ya mkato. Mimi nilikuwa nimeshajifundisha mkato wangu. Ninahesabu nusu dakika, mshale ukitoka juu hadi chini, halafu nazidisha mara mbili. Unaona, mwanangu, nusu niliyoichagua ndiyo ileile ambayo mshale unaporomoka, kwa hiyo nusu dakika yangu ilikuwa fupi. Nikapata kumi na tisa. Mara mbili, thelathini na nane. Kwa mtoto wa umri ule, hiyo ni pumzi ya mtoto mwenye mafua tu. Nikampa mama maneno mawili matatu ya kumtuliza, akamfunga mtoto mgongoni, akaaga.

Pale getini akakutana na Mama Generoza.

Huyu alikuwa mkunga wetu, mtu mzima, mwembamba, mkali kwa sauti ya chini. Sasa sisi Waha unatujua kwa salamu. Mtu mkubwa humpiti ukiwa unatembea. Unasimama, unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, "Mwakeye", halafu mnaulizana ya nyumbani, ya shamba, ya mvua, ya wazee, mpaka yaishe. Vijana wanaiona ni kupoteza muda. Yule mama alisimama akainama, na mtoto mgongoni akawa usawa wa sikio la Mama Generoza. Wakasalimiana salamu yao yote. Nami dirishani nikaona Mama Generoza ameacha kujibu, amemfungua mtoto kwenye kanga, anamtazama mbavu.

Alirudi naye ndani bila kupaza sauti. Akamweka mtoto mapajani mwangu, akavua saa yake, kitu cha zamani chenye kioo kilichokwaruzika na mkanda alioushona mwenyewe kwa kitambaa, akanishikisha.

"Hesabu," akasema. "Nzima."

Nikahesabu. Hamsini na sita, na kwa umri ule hamsini tu ni hatari. Na kwa kuwa sasa nilikuwa natazama kweli, niliona chini ya mbavu panavyobonyea kila akivuta. Ilikuwa nimonia.

"Sasa kwa hiyo yako."

Nikahesabu kwa yangu, nusu, kama nilivyozoea. Alikuwa ameinama juu ya bega langu akauona mshale unavyoteleza.

"Hili umelijua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Ukanyamaza."

"Niliona haya, Mama. Watu walikuwa wameisifu."

Akaniuliza, "Saa hii uliinunua uitazame, au utazamwe?" Akaanza kuandaa sindano, na akaniambia akiwa amenipa mgongo kwamba mtoto yule angefika nyumbani jioni, na usiku ule mama yake angekuwa peke yake naye. Ningefurahi kama angenigombeza, maana kugombezwa kunaisha.

Walilala kwetu siku nne. Siku ya tano mtoto alinyonya mpaka akalala na titi mdomoni, mama yake akacheka, nami nikaenda nyuma ya jengo nikalia. Gulio lililofuata nilikuwa kwa yule fundi asubuhi na mapema kabla hajamaliza kutandika turubai. Aliukaza mshale kwa muda mfupi kuliko wa kumenya ndizi. Hakuna alichonidai, kama alivyosema. Niliivaa saa ile miaka mingi na ilikuwa saa njema. Ubaya haukuwa wa saa.

Hayo nilimweleza Adela, maharage bado hayajachambuliwa. Akasema, "Kwa hiyo nisinunue, Bibi?" Nikamwambia, nani amesema usinunue? Kitu cha zamani kilichotengenezwa vizuri kinatushinda wewe na mimi kwa umri. Ila mwandikie huyo kijana. Mwulize ni nini cha asili na ni nini amebadilisha. Aifungue mgongo akupigie picha ya ndani. Kisha akurekodie video, saa imelala kando ya simu inayoonyesha sekunde, dakika moja nzima, halafu dakika nyingine saa ikiwa imesimama wima. Adela akaguna, akasema kijana atamwona msumbufu. Nikamwambia, akuone. Kuuliza si ujinga, na muuzaji anayekasirikia swali ameshakujibu.

Kijana alijibu jioni hiyohiyo. Video ilikuja, na chini yake akaandika kwamba saa inawahi kidogo kwa siku na kwamba kitufe cha pembeni cha kujazia si cha asili. Akauliza, "Kwani wewe ni fundi?" Adela akamjibu, "Hapana, nina bibi." Nilicheka mpaka nikajifuta machozi.

Saa ilifika Ijumaa kwa basi, mkanda wa kahawia. Kabla hajaivaa nilimwambia aiweke pembeni ya simu, tukaitazama dakika mbili, vichwa vimegusana. Kisha nikaketi vizuri kwenye kiti, nikafumba macho, nikamwambia ahesabu pumzi zangu. Alipofika katikati nilisikia anataka kusema kitu. Nikamwinulia kidole anyamaze. Akaendelea hadi mwisho.

"Kumi na nane, Bibi."

"Mara mbili ya ngapi?"

"Si mara mbili ya kitu. Nimehesabu zote."

Basi, mwanangu, na wewe usiye Adela lakini una simu mkononi kama yeye, chukua hili. Nunua cha zamani kama roho yako inakipenda, na kununua rahisi si dhambi. Lakini usimwulize muuzaji rangi ya mkanda kabla hujamwuliza habari za ndani. Anayekuonyesha kasoro ya bidhaa yake mshike, huyo ni ndugu. Kikishakuwa chako ukakiona kina ila, kirudishe au kitengeneze siku hiyohiyo, hata kama mji mzima umekisifu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nusura kiniumbue kwa mtoto wa mwenzangu. Haya ya siku moja haijawahi kuua mtu. Kunyamaza kunaua.

Na mtu akisimama mbele yako, awe mgonjwa au mpita njia anayetaka tu salamu, usimpe nusu ukajidanganya kwamba utaizidisha.

Nawe Adela, nenda, Mungu akutangulie. Akupe mkono usiotetemeka na jicho lisilokimbia. Na kila atakayekuletea mtoto wake, siku ya foleni ndefu, akiwa ametoka mbali na miguu ina vumbi, Mungu amjalie akukute una dakika nzima.