Nyonga Isiyotiwa Saruji

Bajaji iliacha lami ikaingia njia ya udongo katikati ya migomba, na Tukuswiga akashika chuma kwa mikono miwili. Alikuwa amekalia mito miwili, magongo yakiwa mapajani. Kijiji hiki cha Talatala hakuwahi kufika. Binti yake Nancy alikuwa ameolewa huku miezi mitano tu, na leo baba mkwe wa Nancy alikuwa anazikwa.

Kila bajaji iliporuka, aliisikiliza nyonga. Ilikuwa wiki ya nne tangu apasuliwe. Daktari alimweleza kuna njia mbili za kukaza kikombe kipya cha nyonga: kukigandisha kwa saruji ya mfupa, kikashika siku hiyo hiyo, au kukipachika kikavu, mfupa wenyewe uote na kukikumbatia taratibu.

"Una miaka hamsini na mbili, mfupa wako una nguvu," alimwambia. "Cha pili kitakufaa. Ila kwa sasa usiulemee mguu huo, wala usikae chini."

Jirani yake wa Ipyana, Hellen, bibi wa miaka sabini na sita, alitiwa saruji. Kesho yake akaukanyagia mguu.

Uani, wanawake wote walikuwa mikekani. Nancy alimwona mama yake amesimama, akainamisha uso.

"Ugonile, mama," Tukuswiga alisalimu.

Anyosisye, dada wa marehemu, alimtazama kuanzia magongo mpaka kilemba. "Kwetu mkwe hupiga magoti, hasalimii kama askari wa zamu."

"Hellen wa Ipyana naye si kapasuliwa?" mwingine akadakia. "Mbona anazunguka sokoni? Huyu kawekewa cha kioo?"

Wakaguna. Tukuswiga angeondoka jioni. Aibu angebaki nayo Nancy. Akaweka gongo moja pembeni, akaanza kushuka. Ndani ya nyonga kitu kikavuta kama kamba inayokazwa. Akaganda nusu njia, jasho likimtoka.

"Mama, siwezi. Cha Hellen kimegandishwa. Changu kina wiki nne tu, kinangoja mfupa ukishike. Kikihama, narudi kupasuliwa."

"Mche wa kakao wa wiki nne," Anyosisye akauliza polepole, "wewe unautikisa?"

"Hapana, mama."

"Basi inuka. Nancy, leta kiti, kile kirefu."

Nancy alileta kiti. Kisha, bila kuambiwa, akaanzia mwisho wa mkeka, akipiga magoti mbele ya kila mama, mmoja mmoja, akisalimu kwa niaba ya aliye kitini. Walikuwa wengi, na wengine hawakufanya haraka kuitikia. Anyosisye, wa mwisho, alimwacha magotini muda mrefu kuliko wote, ndipo akamshika mkono.

"Ndaga, asante. Mwambie mama yako tumesalimiana." Mama mwenyewe alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo.

Baada ya mazishi Tukuswiga alipandishwa tena juu ya mito yake. Bajaji ilipogeuka, aliangalia nyuma. Nancy hakuja kumsindikiza. Alikuwa ameketi mkekani, bega kwa bega na Anyosisye, akimenya ndizi kutoka beseni moja naye.