Mbegu ya Ndizi Niliyoitafuta Chonyonyo

Aibu hii ningeendelea kuificha kama mke wangu asingekuwa anamsimulia kila mgeni anayemenya ndizi kwetu, kwa hiyo bora muisikie kwangu mimi mkosaji.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nimetoka chuo kikuu juzi tu, nikaenda Chonyonyo na baba mdogo kumposa Koku, nimevaa suti ya kuazima (suruali iliishia juu ya vifundo vya miguu). Njiani baba mdogo aliniambia, "Nitasema mimi. Wewe kaa, itikia, kunywa pombe ya rubisi taratibu." Ndivyo ilivyo kwetu, mposaji hasemi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Ta Petro, baba yake Koku, alipotania, "Na huyu msomi, huko walimfundisha nini?" Ningecheka tu yangeisha. Nikasimama. Nikawaeleza jinsi watu wa kale walivyohamahama wakiwinda na kuokota matunda, hadi mwanamke mmoja (nilimsoma mpaka nikamwota) akaona mbegu alizomwaga jalalani zimeota, na hapo ndipo kilimo kilipoanza. Wazee waliinama kunisikiliza, Koku anachungulia mlangoni, damu ikanichemka, nikapaza sauti: "Hata kibanja hiki cha migomba, babu yenu alifukia mbegu ya ndizi!"

"Sisi tunapanda machipukizi," akasema Ma Anastazia, shangazi yake Koku. "Hiyo mbegu inakaa upande gani, mwanangu?"

Baba mdogo akanivuta koti. Ningekaa. Nikaomba kisu, nikapasua ndizi mbivu, nikapasua nyingine, kushtuka nimemaliza chane nzima na jasho linanitiririka, nikaonyesha vidoa vyeusi vya katikati. "Ndizo hizi."

"Vizuri," akasema Ta Petro bila kucheka (hilo ndilo lililonitisha). "Twende ukapande. Ikiota, njoo umchukue Koku."

Tukaenda migombani ukoo mzima, mimi mbele na ndizi yangu iliyopasuliwa. Nilipopewa jembe ndipo nikaona kwamba ninampoteza Koku kwa ajili ya vidoa.

"Nisamehe, Ta Petro. Haitaota. Nimesema nisilolijua." Nikataka kuongeza kwamba ndizi pori za zamani, mbali huko, zilikuwa na mbegu, baba mdogo akanikanyaga mguu.

Ma Anastazia aling'oa chipukizi akanipa. "Panda hili, msomi. Hili halijasoma lakini linaota."

"Na likizaa mkungu," akasema Ta Petro, "tutaongea mahari."

Mgomba hauna haraka ya mtu. Kila Jumamosi, zaidi ya mwaka, nilitoka kwetu Nyakahanga kwa baiskeli na gunia la samadi, na Koku ananipokea kwa habari zile zile: "Shangazi amekuja kuutazama. Anasema bado."

Tulioana mkungu ulipokomaa. Nimefundisha historia ya kilimo miaka mingi tangu hapo, lakini nikikaribishwa kwenye nyumba yenye migomba na mwenyeji akaniuliza nilisomea nini, namjibu kwa heshima zote kwamba nilisomea hesabu.