Kupe na Kichwa Wazi

Mimi kazi yangu ni kupamba magari ya arusi. Nafunga tepe, napachika maua, napuliza manukato kwenye viti, na gari likishaondoka nabaki na mkasi mkononi. Watu wakipita hapa Nalufenya, mjini Jinja, huniambia, "Mama Sheryl, wewe unaona raha tu." Nawacheka. Raha ya arusi huonwa na walioalikwa. Sisi wafanyakazi tunaona mengine.

Niliyoyaona ya Sulaiman bado yananikera hadi leo, na nitayasema.

Sulaiman ndiye dereva wetu. Ni Mnubi wa mtaa wa Walukuba, mrefu, mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata siku ya kuosha magari. Amewapeleka kwa waume zao nusu ya wasichana wa Jinja na hajawahi kugonga hata kuku. Ana neno moja tu asilolipenda: ukimwita Afande, uso wake unajifunga kama duka la mdaiwa. Watu humwita hivyo kwa utani, kwa sababu Kiswahili kinamtoka bila kukwama, na huku kwetu mwenye Kiswahili cha namna hiyo ama ni Mkenya kama mimi, ama ni mwanajeshi, ama ni mtoto wa mwanajeshi. Yeye ni huyo wa tatu. Akitoka nje ya geti letu huongea Kisoga, lugha ya wenyeji. Kiswahili anakiacha ndani, pamoja na ufunguo wa gari.

Magari ni ya Maxwell, Mkenya mwenzangu, mfanyabiashara anayependa sifa. Aliona maharusi wamechoka na magari ya kawaida, akaleta mawili ambayo Jinja ilikuwa haijayazoea. La kwanza ni jeusi, la kifahari, milango miwili tu, viti vya ngozi, vioo vya giza, na injini ya mbio ambayo ikiwashwa unaisikia tumboni. Maxwell alitueleza kwamba gari la aina hiyo Wazungu huliita kupe. Nikamwambia, "Bwana, kwetu Webuye kupe ni mdudu wa ng'ombe." Jina likanata hapo hapo, kama kupe mwenyewe. La pili lilikuwa jekundu, la michezo, paa lake linajikunja na kuzama nyuma, mkabaki na jua na upepo. Hilo tukaliita Kichwa Wazi.

Sasa, Sulaiman ana mtoto mmoja, Aminah. Mama yake alifariki Aminah akiwa mdogo, akalelewa na baba pamoja na Mastula, mdogo wa marehemu. Alikuwa msichana mchangamfu, lakini tangu shule ya msingi baba yake alimfundisha kujibana. Wakimuuliza kabila, aseme Msoga. Asiimbe nyimbo za Kinubi njiani. Asimtaje babu yake aliyekuwa askari. Mtoto alitii bila kuelezwa sababu, akakua akidhani kwao kuna jambo la aibu. Halafu akaenda kufundisha Mbale, akampata Magidu, Mgisu Mwislamu, fundi wa umeme, mtu mpole. Ndoa ikapangwa ifungwe Jinja, kisha bi arusi apelekwe Mbale kwa mumewe.

Maxwell, kwa mara moja ile aliyokuwa mkarimu, akamwambia Sulaiman, "Mzee, siku ya msichana wako chukua gari unalotaka. Usiulize mtu."

Aminah akaja uani na mama yake mdogo kuchagua. Kupe hakulitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa lile jekundu, akaweka kiganja mlangoni.

"Baba, hii. Tupite Walukuba yote, wewe mbele unaendesha, mimi nyuma. Watu waone mimi ni mtoto ya nani."

Alisema hivyo taratibu, na mimi niliyekuwa nakunja tepe nikaacha. Yeyote mwenye masikio angejua kwamba hakuwa akiomba gari. Alikuwa akimwomba baba yake amkiri mbele za watu, siku moja tu.

Sulaiman aliliangalia lile paa lililokunjwa, akaliangalia tena. "Hapana," akasema. "Bi arusi ya Kiislamu hapana kaa kichwa wazi barabarani."

Aminah akacheka. "Baba, kichwa yangu itakuwa na mtandio. Ni gari ndiyo haina."

Mastula akaangua kicheko, na mimi pia. Sulaiman hakucheka. "Tutachukua hii nyeusi."

"Basi tutafungua vioo?"

"Vumbi itaharibu nguo."

Niliuona uso wa yule msichana. Haukukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Ulitulia tu, uso wa mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Akasema, "Sawa, Baba," akamshika mama yake mdogo mkono, wakaondoka.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimfuata Sulaiman pale bombani nikamwambia, "Baba Aminah, wewe ni mtu mbaya. Kisingizio cha dini usiniletee mimi. Unamwonea mtoto wako aibu?"

Akafunga bomba. Akakaa juu ya ndoo, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mkewe.

"Nilikuwa mtoto mdogo, Mama Sheryl. Serikali ya askari ilianguka, na sisi watoto yao tukawa wabaya wote siku moja. Mama yetu alitupakia kwa lori, akatufunika na turubai. Barabara hii hii ya Iganga, ya kwenda Mbale. Joto ilikuwa mingi. Kaka yangu Zubair akainua turubai kidogo apate hewa. Watu walikuwa kando ya barabara, wakamwona. Wakamshusha. Lori ikaenda. Mama alinifunga mdomo na mkono yake mpaka Mbale."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilimwangalia mtu huyu mzima na shati lake la pasi, hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikamuuliza kama Zubair alipatikana. Akatikisa kichwa.

"Mwambie Aminah," nikasema. "Mwambie haya uliyoniambia."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Siku hiyo hiyo, ndani ya gari. Barabara ni ndefu."

Siku ya arusi nilimpamba Kupe kwa hasira, tepe nyeupe kila mahali, na bado alionekana kama anakwenda mazishini. Kisha ukaja mkasa wa kuingia. Gari la milango miwili, ili ukae nyuma ni lazima kiti cha mbele kikunjwe, ujipenyeze. Bi arusi akapenya. Mastula, ambaye kwa mila ndiye alipaswa kukaa ubavuni mwa bi arusi, ni mwanamke mnene wa haja, na siku hiyo alikuwa amevaa nguo juu ya nguo. Aliingia nusu, akagoma. Mbele yupo ndani, nyuma yupo nje, na wanawake wa doluka, ngoma ya Wanubi, wanaipiga wakicheka mpaka machozi. Tulimvuta akatoka amepoteza kiatu, akapandishwa kwenye basi dogo la waimbaji. Hivyo ndivyo mimi, niliyenyooka kama fimbo ya mwalimu, nilivyojikuta nimekaa nyuma na gauni la bi arusi mapajani.

Tukapita Walukuba vioo vimefungwa, basi la waimbaji likiwa mbali nyuma yetu. Watu walikuwa wamejaa milangoni. Hata kupitia kioo nilimsikia mzee mmoja akimuuliza mwenzake kwa sauti, "Nani huyo anapita?" Akajibiwa, "Labda waziri." Aminah alikuwa akiwapungia mkono majirani waliomlea, na hakuna aliyemwona kupitia vile vioo vya giza. Baadaye akauweka mkono mapajani.

Baada ya Iganga tulikunja kushoto Nakalama, tukaingia barabara ya Tirinyi, mashamba ya mpunga huku na huku. Nilimwona Sulaiman kwenye kioo. Jasho lilikuwa likimtoka na kipupwe cha gari kinafanya kazi. Mahali fulani, sipajui, hapana alama yoyote, akapunguza mwendo. Nikajua ni hapo Zubair aliposhushwa. Nikakohoa kumpa moyo.

"Aminah," akasema.

"Naam, Baba."

Yule msichana alisogea mbele kidogo, tepe za gauni zikachakarika, akangoja. Angengoja mpaka kesho.

"Umefunga mkanda?"

"Nimefunga, Baba."

Akakanyaga mafuta. Nilitamani kumpiga na kiatu changu.

Mbale ilikuwa mbaya zaidi. Aminah alikuwa amewaahidi wakwe zake wiki zile za mwanzo, kabla baba hajalikataa, kwamba atakuja na gari jekundu lisilo na paa, "mtaniona kwa mbali," na hakuwa na moyo wa kuwaambia limebadilika. Basi ukoo mzima wa Magidu, pamoja naye aliyetangulia kutoka Jinja, ulijipanga kando ya barabara karibu na mnara wa saa kumpokea. Bibi yake Magidu, nyanya mzee, alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli. Vijana walikuwa na ngoma, wanawake na matawi, na walipoona tepe kwenye gari jeusi baadhi yao wakaanza kukimbia kuja barabarani, hawana hakika ni letu.

"Ni wao!" Aminah akapiga kelele. Akaanza kugonga kioo kwa pete. "Baba, simama! Ni wao!"

Mimi niliona watu wanafurahi. Sulaiman aliona umati kando ya barabara, matawi juu, vijana wakimkimbilia, na mtoto wake ndani. Nikasema, "Baba Aminah, ni arusi. Ni wakwe," lakini hakuwa na sisi tena. Akakanyaga. Na ile injini ya mbio, ambayo Maxwell huisifia kila siku, ikafanya kazi iliyotengenezewa. Tukawapita wote. Nilipogeuka, bibi alikuwa amesimama kutoka kwenye kiti, ameshika tawi lake, anatazama upande wa Jinja, bado anangoja gari jekundu.

Tulifika Namakwekwe, nyumbani kwa Magidu, tukawakuta wapishi peke yao. Mmoja wao alipiga kigelegele kifupi, kwa adabu, na kijiko cha pilau mkononi.

Nilimsaidia Aminah kushuka. Baba yake hakushuka. Injini ilikuwa bado inaunguruma. Aminah akazunguka upande wa dereva, akainamia kioo, na kwa vile kilikuwa cha giza, alichokiona ni uso wake mwenyewe na wanja unaanza kutiririka. Akangoja hapo. Mwishowe kioo kikashuka, upana wa kiganja hivi.

"Baba, hutaingia?"

"Nenda, mtoto yangu. Gari ya watu, lazima irudi."

Akaingiza vidole kwenye ule mwanya. Baba akavishika. Kisha vidole vikatoka, kioo kikapanda. Magidu na watu wake walipofika wanahema, sisi tulikuwa tumeshakunja kona.

Tangu hapo Aminah hakukosa adabu. Siku ya Idi alipiga simu. Alimuuliza baba yake hali kama mtu anavyouliza hali ya ofisi, na akamaliza kwa "asante." Jinja hakuja. Alipoalikwa alikuwa na mitihani ya kusahihisha, kila mara. Mastula alipomuuliza, alijibu, "Mama, Baba ananionea aibu. Mimi nimekubali. Mwache." Mastula akayaleta maneno hayo kwangu, mimi nikayapeleka bombani kwa Sulaiman yakiwa bado moto. Nikamwambia ampigie simu siku hiyo. Akasema jambo kama lile halisemwi kwa simu.

Mwaka jana Maxwell aliliuza Kichwa Wazi kwa mtu wa Eldoret. Siku lilipoondoka Sulaiman aliomba kulitoa yeye getini. Aliendesha paa likiwa limekunjwa, kutoka uani mpaka barabara kuu, nikimtazama. Mvuta mkokoteni mmoja akapaza sauti, "Afande, leo umependeza!" Nilidhani atakunja uso. Akainua mkono.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwa Sulaiman vilikuja vyote pamoja. Aminah alijifungua mtoto wa kiume, na Sulaiman akaitwa Mbale kwenye akika, sherehe ya kumpa mtoto jina. Alipanda basi, hakutaka gari. Aliporudi alinikuta nafunga tepe kwenye Kupe, akachukua kitambaa akaanza kupangusa kioo cha dereva, ambacho kilikuwa safi. Nikamwacha. Akapangusa sana.

"Nimemwambia," akasema.

"Yote?"

"Turubai. Zubair. Na wale watu na matawi."

"Akasemaje?"

Alikunja kile kitambaa mara nyingi, mpaka kikawa kidogo. "Alilia. Halafu akasema, 'Baba, kwa nini hukuniambia siku ile? Mimi ningepanda hata lori. Ningejifunika turubai mwenyewe, nikae karibu na wewe.'"

Mtoto angelikubali giza lote lile, kama angejua ni la nini. Angeipita Walukuba bila kuonwa na mtu na bado angefika Mbale ana baba.

Sulaiman akafungua mlango wa Kupe, akakaa kwenye usukani, miguu nje.

"Barabara ilikuwa ndefu, Mama Sheryl," akasema. "Ilikuwa ndefu, na gari ilikuwa na mbio."