Mwanamke Aliyesinzia Sebuleni Kwetu

Mume wangu Wouter aliinunua picha ile kwenye gulio la mwaka hapa Leiden, akaitundika sebuleni bila kuniuliza. Mtumishi wa kike amesinzia kitini, shavu kiganjani, glasi ya mvinyo imepinduka, paka anakula samaki mezani. Kila mgeni alicheka. Kwetu Uholanzi hata mtoto anajua kuisoma picha kama hiyo: mvivu, tena mlevi. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mei ikafika, mwezi ambao watumishi huhama nyumba, akaja Machteld kuomba kazi. Alikuwa na miaka kama arobaini, vidole vimebabuka kwa sabuni. Nilimpenda pale pale mlangoni kwa sababu alivua viatu vyake vya mti kabla sijasema neno. Nikamtia mkononi sarafu ya kufungia makubaliano, nikamwingiza ndani. Mbele ya picha akasimama ghafla. Nikautazama uso wa ukutani, nikautazama wake, hasira zikanipanda.

"Ni wewe huyu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na umekuja kwangu bila haya!"

"Nimekuja kufanya kazi, Bibi. Sikujua kama nimo humu."

Akanieleza palepale, amesimama. Baba yake alikuwa mfumaji, macho yakapofuka, tangu hapo hatoki kitandani. Yeye amefulia watu nguo tangu ana miaka kumi. Majira ya baridi mifereji ilipoganda, Joost mchoraji alimwita akae kwake akimenya matufaha ili amchore, malipo yake kapu la kuni za kumkokea baba moto. Alikuwa ameamka alfajiri kufua, na chumba cha Joost kilikuwa na joto. Tufaha la tatu halikuisha. Joost hakumwamsha, akachora alichokiona. Glasi na paka aliviongeza baadaye, kwa kuwa picha za namna hiyo hazikai dukani, hununuliwa upesi.

"Mvinyo wenyewe sijawahi kuuonja," alisema. "Ila kulala nililala kweli, Bibi. Hilo sikatai."

Kwa desturi yetu ningeweza kuidai sarafu yangu kabla ya kesho yake, makubaliano yakavunjika. Ningependa kusema nilimhurumia, lakini ningekuwa mwongo. Niliogopa tu majirani wasiseme kwamba mimi, Hillegond, sina msimamo. Nikamwacha abaki, huku nikingoja kwa hamu siku nitakayomkamata amesinzia.

Nilingoja miaka sita. Kizingiti chetu kilisuguliwa kabla jua halijachomoza, na sufuria za shaba ziling'aa mpaka naona mikunjo ya uso wangu mwenyewe. Chakula alikula akiwa amesimama karibu na jiko. Alasiri za mapumziko Wouter akijinyoosha na kiko chake, nami nikicheza karata na shoga yangu Geertruyd, Machteld alisimama karibu na dirisha akifuma soksi. Siku moja nikachoka kumwona.

"Hebu keti, Machteld. Utaota mizizi hapo."

"Nikiketi watu watasema ndiye yule, Bibi."

Aliyasema hayo bila kinyongo, na ndiyo maana yaliniuma. Nikatupa karata yoyote tu, Geertruyd akanifunga.

Mwaka huo, theluji ilipoanza, baba yake alifariki. Machteld alirudi kutoka makaburini, akavaa aproni, akashika ndoo. Nikamnyang'anya. Nikavuta kiti changu mwenyewe, kile chenye mto, hadi karibu na moto.

"Kaa hapa."

"Sakafu bado, Bibi."

"Sakafu haikimbii. Kaa!"

"Ni amri?"

"Ni amri."

Akakaa ukingoni, mgongo wima, mikono haijui iwekwe wapi. Nikachukua karai, nikaanza kumenya vitunguu, kazi niliyokuwa sijaigusa tangu niolewe, na sijui kama ni vitunguu tu vilivyonitoa machozi. Nilipoinua macho, kichwa chake kilikuwa kimeinama na mdomo umefunguka kidogo.

Hapo ndipo Geertruyd alipoingia kwa kishindo chake cha kawaida. Akamwona, akapiga makofi.

"Heee! Shoga, picha yako imeshuka ukutani! Si nilikwambia mimi? Ndiye yule yule!"

"Ndiye," nikamwambia. "Sasa punguza sauti, utamwamsha."