Sindano ya Kununua Njaa

Kwetu Bariadi mtu hanenepi, ananawiri. Niliponawiri mpaka kiti changu cha ofisi ya walimu kikaanza kulia, wenzangu walinipongeza, na mume wangu akatembea mjini kifua mbele, maana mke mnene ni ushahidi kwamba nyumbani kuna chakula. Yaliyokataa kufurahi ni magoti yangu tu.

Na magoti, kwa mwanamke aliyeolewa Usukumani, si kitu cha kufanyia mchezo. Mama mkwe huamkiwa kwa kupigiwa magoti. Siku moja nilipofika kwake, kijijini upande wa Maswa, kushuka nilishuka vizuri, ila kuinuka ndiyo ikawa kazi. Mume wangu na jirani walininyanyua kama gunia la pamba. Safari iliyofuata niliichelewesha kwa miezi, na nilipofika nikamwamkia nimesimama. Hakuitikia. Baadaye nikaletewa maneno kwamba amesema, "Mkamwana wangu mshahara umemkaza magoti." Iliniuma sana. Nikaacha kwenda. Nikawa namtuma mume wangu na sukari na salamu, huku nikijiapiza kwamba siku nitakayorudi nitashuka chini kama bibi harusi.

Nilianzia hospitali ya serikali. Daktari aliangalia mizani, akaangalia picha ya magoti, akaniambia nipungue. Nikamweleza kwamba kutembea nimejaribu, magoti hayataki. Kuacha ugali nimejaribu, mimi ndiye sitaki. Akasema ipo sindano ya kujichoma kila wiki, inakata hamu ya kula, lakini pale hawana, na bima yangu hailipii mambo ya kupungua.

"Ungekuwa na kisukari, mwalimu, tungekuwa na pa kuanzia," akasema kwa upole kabisa.

Nilitoka pale nikisikitika kwamba sina kisukari.

Ikabidi niende Mwanza, kwenye kliniki ya binafsi yenye kiyoyozi, ambako mgonjwa anaitwa mteja na anapewa maji ya chupa. Huko walinipima vizuri, wakanieleza vizuri, wakaniandikia ile sindano. Bei siitaji, maana mume wangu anajua kusoma. Ninachosema ni kwamba wazee wetu njaa iliwafuata bure mpaka mlangoni kila mvua ilipogoma, na mimi mjukuu wao nikapanda basi kwenda kuinunua.

Kumbe dawa yenyewe inataka baridi. Friji letu umeme ukikatika ni kabati. Friji pekee mtaani lenye sola lilikuwa la jirani yetu, muuza dawa za mifugo, na mzee huyo akanipa nafasi kwenye droo ya chini, kando ya chanjo ya kideri ya kuku. Basi kila Jumamosi nikawa naingia dukani kwake, napita nyuma ya pazia, najichoma tumboni, naaga. Duka zima lilijaa vitu vya kunenepesha, kuanzia pumba mpaka mawe ya chumvi ya kulamba. Aliyeingia humo kutafuta kukonda nilikuwa peke yangu.

Na nikakonda kweli. Sato wa Lamadi, ambaye zamani nilimla mpaka macho, sasa harufu yake ilinitoa jikoni mbio. Magauni yakaanza kunining'inia. Zile hongera zikakoma, zikaja pole. Walimu wenzangu waliniuliza kwa sauti ya chini kama naendelea vizuri, na mmoja akanishika mkono akaniambia Mungu ni mwema. Mimi nilijibu kwa furaha, jambo lililozidi kuwatia wasiwasi.

Asubuhi moja niliinama kuokota chaki, magoti yakakunjika bila kelele. Jumapili yake tukaenda Maswa.

Tulimkuta mama mkwe uani, anaanika michembe ya viazi vitamu. Nikaweka mkoba chini, nikashuka taratibu, magoti yote mawili kwenye vumbi, bila kushikwa na mtu, nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Nilingoja aitikie. Badala yake ungo ulimponyoka, viazi vikamwagika, akaanza kulia.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Waliniambia wanakuchoma sindano za ng'ombe, nikakataa. Kumbe ni kweli!"

Mtu wa pale kijijini alikuwa amekuja Bariadi kununua dawa ya kuogeshea mifugo, akaniona nikitoka nyuma ya pazia, nimekonda, nashusha blauzi. Kwa wafugaji hapo hakuna fumbo. Anayechomwa kwenye duka la mifugo ni yule ambaye hospitali ya watu imeshashindwa kumtibu.

Mama mkwe aliingia ndani akatoka na kiti, akakiweka mbele yangu. "Inuka, mwanangu. Kaa. Hata usiniamkie. Usife tu."

Nikainuka mwenyewe, nikakaa, nikamweleza yote, tangu magoti mpaka friji. Alinisikiliza huku akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Kwa hiyo ulinunua njaa?"

"Ndiyo, mayu."

"Ili unipigie magoti?"

"Si ulisema mshahara umenikaza?"

Akaanza kuokota michembe mmoja mmoja na kuirudisha kwenye ungo.

"Nilisema," akasema bila kuniangalia. "Ulikuwa umekaa muda mrefu hujaja. Ningesemaje, kwamba nimekukumbuka?"

Nililia na mimi, sioni haya kusema. Muda wote ule nilikuwa nampelekea sukari mtu aliyekuwa anangoja mgeni.

Akaniletea maziwa ya mgando, bakuli kubwa lile la wanaume, juu yake ameweka samli. Tumbo langu lilishasema hapana kabla bakuli halijafika mkononi. Nilimtazama usoni, nikanywa lote, nikatapika mara mbili njiani kabla ya kufika Bariadi.